Habari Ziwafikie

Kazi yangu ni kusoma vifo redioni. Zamani nilikuwa nawaambia watu hivyo hivyo, wakawa wanasogeza viti, kwa hiyo siku hizi nasema tu niko redioni, nao wananiomba niwapigie muziki. Kwenye kituo chetu kidogo pale Mbinga mjini muziki una vijana wake. Mimi na mwenzangu mmoja tumepewa saa kumi na moja jioni, wakati wa matangazo ya vifo. Mtu amefiwa Kigonsera, mazishi ni kesho mchana, ndugu zake wametapakaa mpaka Liparamba ambako simu inashika ukipanda kichuguu: analeta tangazo lake, sisi tunalisoma. Familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao. Kisha unakuja mstari ambao kila mtu wa nchi hii anaujua hata akiwa usingizini: habari ziwafikie wafuatao, na ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo.

Mama yangu, huko chini ziwani, huwa anauitikia mstari huo. Sitanii. Ukimtembelea jioni utamkuta kwenye mkeka uani, redio juu ya kiti kana kwamba ndiyo mgeni, na kila tangazo likiisha anasema kwa sauti yake ya kawaida, "Zimefika. Poleni." Watu wenyewe hawajui. Marehemu ni wa Kigonsera, na mama hajakanyaga Kigonsera maisha yake yote. Anaitikia vilevile, kisha anaendelea kuchambua mchele.

Nilimcheka sana mwanzoni. Nikamwambia, "Mama, redio haikusikii."

"Najua haisikii. Unadhani mama yako amechanganyikiwa?"

"Sasa unamjibu nani?"

Akanieleza. Siku tangazo la baba liliposomwa, yeye alikuwa chini na wanawake wenzake, na katikati ya kilio akasikia habari ziwafikie, habari ziwafikie, akajiuliza kuna nani huko zinakokwenda. Ametajwa mtu, amefika mlangoni kwa watu kwa sauti, na labda nyumba nzima wapo kimya wanakula. "Ni kama umepiga hodi usikaribishwe," alisema. Tangu siku hiyo akaamua katika nyumba yake hodi ya namna hiyo haitakosa mwitikio. Sikumcheka tena, ingawa sikuacha kumwona wa ajabu kidogo.

Mwenzangu wa redioni ni mtu wa Tunduru, Myao, aliyesoma madrasa utotoni na bado anapenda kunionyesha kwamba aliisoma. Ana maneno mengi kuliko kituo chenyewe. Anasoma matangazo mbio mbio kama anayefukuzwa, akimaliza anakunywa chai na kunikosoa mimi. Jioni moja akaniambia kwamba miaka yote hiyo neno nalisema vibaya. "Siyo habari. Ni khabar. Hiyo kh itoe kooni, kama umekwamwa na mwiba wa samaki. Wewe si mtu wa ziwani?"

Nikamwambia koo langu ni la ugali, hizo kh abaki nazo mwenyewe. Lakini nikamuuliza maana yake ni nini huko kwao Waarabu, nikitegemea aniambie ni taarifa, basi. Akaweka kikombe chini. Akasema mzizi wake si taarifa. Mzizi wake ni kujua kitu kwa kukiingia, kukijaribu, kukijua kwa ndani. Ndiyo maana mtaalamu wao wanamwita khabiri, na katika majina ya Mungu limo Al-Khabir, ajuaye ya ndani. Mwanzoni nilidhani anatia chumvi. Nikaenda kutafuta kwenye vitabu na kwenye simu, nikakuta kweli, na zaidi ya kweli: kamusi za zamani za Kiarabu zinaonyesha katika mzizi huo huo tendo la kulima, kuipasua ardhi kabla ya kupanda.

Hilo la kulima lilinikaa. Mama ni Mmatengo, binti wa milimani, na watu wa kwao wanalima ngolo, yale mashimo yaliyojipanga kwenye mteremko, majani yamefukiwa chini na udongo umefunikwa juu. Ukipita barabarani unaona vituta tu. Aliyelima ndiye anayejua chini pamelala nini.

Nikazidi kulifuata neno lenyewe, maana nikianza jambo siachi. Limetembea kuliko sisi sote. Waturuki wanasema haber. Wahausa wamelichukua pamoja na kiambishi chake cha Kiarabu likawa labari, nalo kwao ni hadithi pia wanayosimuliana watu. Wahindi wanasema khabar, na mtu asiye na habari ya kinachomzunguka wanamwita bekhabar, kama sisi tunavyosema fulani hana habari, nyumba inaungua yeye anachana nywele. Waukraine limewafikia likawa hongo. Inasemekana lilianza na zawadi aliyopewa aliyeleta habari njema, kisha zawadi ikabaki na habari ikasahaulika. Mwenzangu aliposikia hilo alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi niliwaza kwamba aletaye habari za msiba hajawahi kupewa zawadi na mtu yeyote.

Lakini walionifurahisha ni Wamalay. Huko mbali baharini wakikutana wanaulizana apa kabar, habari gani, neno kwa neno, na jibu lao ni kabar baik, habari nzuri. Sasa hiyo ndiyo nyumba yetu. Baba alikuwa Mnyasa, Mwanglikana wa ufukweni. Mama Mkatoliki wa milimani. Kinyasa cha baba, mama hakukijua, na Kimatengo cha mama kilimshinda baba mpaka anaingia kaburini. Wakaoana kwa Kiswahili. Kwa Kinyasa mtu anaulizwa ameamkaje. Nyumbani kwetu tuliulizana habari, na mama alilichukua neno hilo la kuazima akalifanyia sheria kuliko wenye nalo.

Sheria yake ni hii. Mgeni akifika, hata kama ni mwanawe wa kumzaa, haulizwi amefuata nini. Anapewa kigoda, anapewa maji. Shikamoo, marahaba. Kisha habari zinaulizwa moja moja: za safari, za nyumbani, za watoto, za kazini, za majirani. Kila moja inajibiwa nzuri. Inajibiwa nzuri hata kama umeacha paa limeezuliwa na upepo. Zikiisha zote, ndipo unaruhusiwa kusema "ila", na baada ya ila ndipo mambo yenyewe yanapoanza. Mimi ni mtu wa haraka, nazungumza haraka, natembea haraka, na salamu hizo zilikuwa zinanichosha roho. Nikimkatisha anakaa kimya, anasubiri nimalize ujeuri wangu, kisha anaanza upya kutoka habari za safari.

Na ya mwisho siku zote ilikuwa moja. "Habari za huko juu?" Huko juu ni milimani kwao, na kwa miaka ya karibuni huko juu alikuwa amebaki mtu mmoja, kaka yake, mjomba wangu, na kahawa zake. Wengine wote wa tumbo lao walishatangulia. Mama aliliweka swali hilo mwisho kama mtu anayeweka nyama pembeni ya sahani aile baadaye. Nami nikishajibu nzuri, ndipo uso wake unapotulia na anainuka kwenda kupika.

Mjomba alifariki mwaka jana, siku ya kazi, alfajiri. Alikuwa ameugua kifua kwa muda, tukadhani amepata nafuu. Mtoto wake mkubwa aliingia kituoni mchana, macho mekundu, tangazo mkononi. Tukakaa kidogo tukilia wote wawili, kisha akafuta uso kwa kiganja akasema, "Shangazi bado hajaambiwa."

"Hajapigiwa simu?"

"Nani ampigie? Wewe ungempigia?"

Nisingempigia. Simu yake kwanza huwa imezimwa, anatunza chaji. Lakini hata ingekuwa imewaka, kwetu mzee mwenye presha hapigiwi simu akaambiwa kaka yako amekufa. Kifo kinaletwa na mtu, kwa miguu yake, akakaa chini. Na hapo ndipo nilipoangalia saa ya ukutani. Saa kumi na moja jioni redio itawashwa kule ziwani kama inavyowashwa kila siku, na mwenzangu atasoma. Mama atasikia jina la kaka yake kwenye kiti cha plastiki, katikati ya vifo vya watu wengine. Kusikia kifo cha ndugu yako redioni ni kuambiwa kwamba hukuwa na mtu wa kukujia. Na binti yake ni mimi, msoma vifo.

Nikamwomba mwenzangu asilisome tangazo hilo. Akaniangalia kwa huruma.

"Dada, mazishi ni kesho. Watu wa Liparamba na Litumbandyosi watajuaje? Nisiposoma leo, wanakuja kukuta kaburi."

Alisema kweli, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nikamwambia, basi soma, soma tu, kwani ni mama yako? Hakukasirika. Akachukua ile karatasi, akaiweka chini ya nyingine zote.

"Nitaliweka la mwisho. Na nitasoma polepole."

"Wewe? Polepole?"

"Nenda, dada. Unapoteza muda kunitukana."

Nikabeba mkoba, nikatia kanga nyeusi ndani, nikasimama barabarani. Gari la abiria lilikuwa limeshaondoka. Nilipata pikapu ya mfanyabiashara wa dagaa iliyokuwa inashuka tupu kwenda kupakia. Dereva alikuwa mtu mpole asiye na shida na dunia. Alisimama kununua ndizi. Alisimama kumsalimia mtu aliyekuwa upande wa pili wa barabara, akamwuliza habari za mke, habari za ng'ombe, habari za mahindi, na yule mtu akajibu nzuri, nzuri, nzuri, mimi nikitafuna kucha. Nikamwambia, "Kaka, kanyaga mafuta." Akaniambia taratibu, "Dada yangu, hizi kona hazina habari na haraka yako." Ni kweli, lami ipo siku hizi, lakini ile milima haikuhamishwa. Niliangalia ziwa linavyojitokeza na kupotea huko chini, na nilimlilia mjomba kimyakimya ili nikifika niwe nimeshapunguza.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, anageuza usipa kwenye kichanja, vile vidagaa vya ziwa letu ambavyo yeye anavianika kama anahesabiwa thawabu. Redio ilikuwa tayari kwenye kiti, inapiga muziki wa vijana. Aliniona, akasimama, mikono ina magamba.

Siku zangu za kwenda ni mwisho wa wiki. Siku ile haikuwa mwisho wa wiki. Aliniangalia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, lakini hakuniuliza kitu. Alinawa, akanitolea kigoda, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nitajibu nzuri za haraka haraka, tutafika huko juu, nitasema nzuri, ila. Nilikuwa nimeshaona kwamba muda unatosha.

"Nzuri, mama."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Nzuri, wanakusalimia."

"Za kazini?"

"Nzuri."

"Majirani?"

"Nzuri tu."

Nikavuta pumzi. Zamu ilikuwa ya huko juu. Mama akaangalia vidole vyake, akaokota gamba lililoganda kwenye kiganja, akasema, "Habari za yule jirani yako aliyekuwa na mguu?"

Hakuwahi kumwulizia jirani huyo hata siku moja. Nikasema nzuri, mguu umepona. Akauliza habari za padri. Nzuri. Habari za mvua. Nzuri. Akauliza kama kahawa za watu wa mjini zimechanua, kisha akaacha katikati, kwa sababu kahawa ilikuwa inampeleka asikotaka. Akarudi kwenye mvua. Nikajua kwamba anajua. Hakujua nini, lakini alijua wapi. Alikuwa anazunguka, na mimi niliyemsonya maisha yangu yote kwa salamu zake ndefu, safari hii nilitamani azidi kuzunguka, aulize habari za kila mtu aliye hai Mbinga nzima, nimjibu nzuri mpaka giza.

Muziki wa redio ukakatika. Ukaingia ule muziki wa taratibu ambao mimi mwenyewe niliuchagua, na siku hizi siwezi kuuvumilia. Mwenzangu akaanza.

Sijawahi kumsikia akisoma vile. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Tangazo la kwanza alilisoma, kisha akalirudia lote. Marehemu alikuwa bibi wa Kigonsera. Habari ziwafikie watoto wake, wajukuu zake, na wote popote walipo.

"Zimefika," mama alisema. "Poleni."

La pili, mtu wa huku huku ufukweni. Akalirudia nalo. Mama akaitikia, sauti imepungua. Nilifungua mdomo. Nasoma vifo kila siku ya Mungu, nina sauti ambayo watu wananisifia sokoni, na nilifungua mdomo nikakosa hata pumzi ya kuanzia. La tatu likaanza. Mama akajiinua kwa kushika goti, akaenda kwenye kiti, akazima redio.

Tangu aanze kuitikia hajawahi kuizima kabla wakati wa matangazo haujaisha. Tulibaki na sauti ya kuku na ya maji. Alirudi, hakukaa kwenye kigoda chake, alikaa chini mkekani, akanyoosha miguu, akavuta kanga kufunika magoti kama wanavyokaa wanawake msibani. Akaweka mkono wake juu ya mguu wangu.

"Habari za huko juu?"

"Nzuri, mama."

"Ila?"

Alinisogezea mwenyewe. Alinifungulia mlango ambao nilikuwa nimekwama nje yake. "Ila kaka yako ametutoka," nilisema. "Leo alfajiri. Hakuteseka sana. Walikuwepo watoto wake."

Alifumba macho. Akasema kitu kwa Kimatengo, jina ambalo nadhani walikuwa wanaitana utotoni, maana sijawahi kulisikia kabla. Kisha akalia. Nilishuka kwenye kigoda nikakaa naye chini, nikamshika, na nilishangaa alivyokuwa mwepesi. Niliumia sana. Niliona kwamba sasa hana mtu hata mmoja duniani anayemjua akiwa mtoto, na kwamba yale maswali yake yote yalikuwa ndiyo njia ya kufika kwa huyo mmoja.

Baadaye kidogo akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Washa redio," alisema.

"Mama, acha. Utaumia."

"Washa. Asije akatajwa akakosa wa kumwitikia."

Niliwasha. Mwenzangu alikuwa bado yupo, Mungu ambariki, ameshafika la mwisho na anakokota kila neno. Akataja jina la mjomba. Akataja kijiji, saa ya mazishi, kanisa. Habari ziwafikie watoto wa marehemu, popote walipo. Habari ziwafikie ndugu zake wa Liparamba na Litumbandyosi. Nikasikia akivuta pumzi. Habari zimfikie dada yake, kando ya ziwa.

Mama akaiangalia redio.

"Zimefika," alisema.